Keki ya Kerubo Haina Kahawa, Zablon

Zablon,

Sikusalimii. Uliacha kunisalimia miaka mitano, halafu ukaenda kulala huko chini ya migomba kama mtu aliyeshinda kesi, na bado mimi ndiye nianze na habari za siku nyingi? Yaya, hapana. Leo hakuna salamu. Leo mimi nasema na wewe unasikiliza, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe hutaniambia nikae chini nifunge mdomo.

Ni Ijumaa, saa tisa ya mchana. Nimekaa kwenye kigoda nje ya nyumba yangu ya kupikia, daftari la mtoto liko juu ya goti. Mbele yangu kuna jiko la mkaa, juu ya jiko sufuria kubwa yenye mchanga, ndani ya mchanga sufuria ndogo, na juu ya kifuniko nimepanga makaa mekundu. Hiyo ndiyo oveni yangu. Wazungu wa Mombasa walikuwa na oveni ndefu kama kabati la nguo na hawakuishinda sufuria hii. Ndani yake kuna keki ya chokoleti. Ya harusi ya binti yako Kerubo, Jumapili hii, anaolewa Sironga.

Ndiyo, umesikia vizuri. Keki. Mkono wangu. Nyumbani kwako. Ukitaka kugeuka huko ulipo, geuka tu, nafasi ipo. Mimi mwenyewe nilishika jembe siku ile, nikahakikisha wamekuchimbia kwa upana, kwa sababu najua ulivyokuwa unalala mikono imetanuka kama mtu anayekataa kitu.

Kuchimba niliruhusiwa. Kupika ndiko nilikokatazwa.

Hebu nikuambie ilivyokuwa, maana wewe ulikuwa kwenye sanduku, hukuona. Nilifika na visu vyangu vimefungwa kwa taulo. Mimi, niliyelisha Wajerumani mpaka wakalia kwenye uwanja wa ndege. Mimi, ambaye meneja wa hoteli alinishika mkono mbele ya watu akasema, "Onchari, ukiondoka hapa naondoka na mimi." (Niliondoka. Yeye alibaki. Lakini alisema.) Binamu yetu Mogaka akanizuia mlangoni pa jikoni, uso wa kaburi, akaniambia, "Ndugu, maneno ya mzee yanajulikana. Mkono wako usiguse sufuria za hapa."

Nikaketi kwenye nyasi na taulo langu, kama muuza mitumba aliyefikia boma lisilo lake. Wakaunguza wali, Zablon. Wali wa matanga yako uliungua mpaka mbwa wakaufikiria kwanza. Mboga za chinsaga zikapikwa bila kutolewa uchungu, watu wanakula wamefinya jicho moja. Na mimi nipo pale, hatua kumi, nanusa kila kosa. Kama ulitaka kunitesa, hongera.

Sasa tuseme ukweli wote, kwa sababu wewe uliueneza nusu tu, nusu iliyokufaa.

Ulikuwa mzee wa kanisa la Sabato, mtu wa suti moja ya kahawia na Biblia yenye zipu. Ulilima kahawa maisha yako yote. Miti yako ndiyo ilikuwa safi kuliko yote hapa Nyakoe, unaipogoa, unaisemesha, na hukuwahi kuitia mdomoni hata tone, kwa sababu kwenu Wasabato kahawa ni dada yake pombe. Nilikuuliza mara moja haya ni maisha gani. Ukanijibu bila hata kuinua kichwa: "Mkulima wa tumbaku lazima avute?" Nilicheka siku mbili. Hakuna aliyejua kwamba unajua mzaha, ila mimi.

Na mimi nilikuwa nimerudi nyumbani na ufundi wangu. Darasani niliishia la sita, hilo linajulikana, lakini shule yangu halisi ilikuwa jikoni kwa Mama Nalini, yule Mhindi wa duka la vitambaa mjini Kisii, kabla sijaenda pwani. Mama Nalini hakula nyama wala yai wala kitunguu, lakini kwa vitu vitamu alikuwa jenerali. Budini ya chokoleti, barafi ya chokoleti, malai ya maziwa iliyopigwa na kahawa ikasimama kwenye glasi kama povu la maporomoko. Keki aliyonifundisha aliipika kwa maziwa ya mgando. Mayai nimeongeza mimi, na Mungu atanisamehe kwa niaba yake. Yeye ndiye aliyenionyesha siri. Kakao, alisema, imelala. Ukitaka iamke, usiimwagie maji wala maziwa, imwagie kahawa moto, nyeusi, nzito. Kakao ikikutana na kahawa inafungua macho. Na akanigonga kichwa na mwiko akasema, "Lakini Onchari, kahawa mtu asiisikie. Asikie chokoleti tu. Ikijulikana iko, wewe umeharibu."

Ufundi niliushika. Maneno ya mwisho nikayasahau.

Ile Sabato alipokuja mchungaji mgeni, ulinituma wewe mwenyewe. Ukaja mpaka kwenye pengo la ua kati ya boma langu na lako, ukasema, "Kijiko, wageni watakula kwangu. Tengeneza kile kitu chako cha chokoleti." Kijiko. Jina hilo ulinipa wewe na hakuna mwingine aliyelitumia. Nikapika Ijumaa, kama leo, nikamaliza jua likiwa bado juu ya kilima, kwa sababu kwako moto wa kupikia hauwashwi siku ya Bwana.

Kahawa niliitoa wapi? Kwenye miti yako, wapi tena? Wakati wa mavuno nilikuwa nimechuma kofia moja, kwenye ule mti ulio karibu na ua, kabla gunia zako hazijaenda kiwandani. Nikaimenya, nikaiosha, nikaianika juu ya mabati, nikaitwanga ganda, nikaikaanga kwenye kigae mpaka ikatoa mafuta. Nilifikiri nini? Nilifikiri hivi: ndugu yangu amelima kitu hiki maisha yote na hajui ni kizuri kiasi gani. Wazungu wanakijua, Waarabu wanakijua, yeye hajui. Nitamwonjesha, basi. Hatajua. Nilikuwa naiba, lakini naiba nikikupelekea wewe. Wizi gani huo?

Mkala. Mchungaji akala, wazee wakala, yule mama wa kwaya mwenye kilemba cheupe akala na kulamba kidole akidhani hatumwoni. Wewe ulikula vipande viwili ukaomba cha tatu. Cha tatu, Zablon! Mtu ambaye hata kwenye harusi yake alikula ndizi moja akashukuru. Ulifumba macho ukitafuna. Niliona. Hiyo hutaniambia sikuiona.

Halafu mchungaji akauliza, kwa upole kabisa: "Ndugu, umetia nini humu?"

Hapo ndipo nilipoharibu. Ningesema maziwa. Ningesema sukari, ningesema neema ya Mungu. Lakini wewe unanijua, mimi sifa zikinijia mdomoni ni kama maji ya chooni, hayarudi nyuma. Nikasimama. Nikanyoosha mkono dirishani nikasema, "Mchungaji, siri ni kahawa ya mzee mwenyewe, ya shamba lile pale!" Na nikacheka, nikingojea watu wacheke.

Mwiko ukisimama kwenye sufuria ya obokima, ugali wetu uliokauka, ndivyo chumba kilivyosimama. Mchungaji akaweka sahani chini polepole, kama kitu kinachoweza kulia. Mama wa kwaya akatemea kwenye leso, na alichotema sijui ni nini, maana kipande kilishafika tumboni zamani. Na wewe ukanitazama. Hukuwa na hasira bado. Ulikuwa na uso wa mtu aliyeulizwa swali darasani na jibu alilijua jana.

Sabato iliyofuata ulikuwa usimikwe kuwa mzee kiongozi. Wakakuambia usubiri kidogo. Ukasubiri kidogo, kisha wakamsimika mwingine. Hilo nalijua. Sijawahi kusema silijui.

Lakini adhabu yake, Zablon! Ulikuja mpaka langoni kwangu na suti yako, hukusema Kijiko, ulisema, "Onchari. Kitu kilichopita mkononi mwako hakitaingia kinywani mwangu wala nyumbani mwangu, mpaka niingie kaburini." Ukaenda. Kesho yake ukaziba pengo la ua kwa miiba. Pengo tulilolipitia tangu baba agawe shamba! Nilipoleta mkungu wa ndizi, niliukuta asubuhi umelazwa upande wangu wa ua. Sokoni unanipita kama mti. Kerubo akiniona anainamisha kichwa, mtoto niliyembeba mgongoni.

Na ulipougua. Hapa ndipo sijui kama nitakusamehe, kwa hiyo soma vizuri. Niliambiwa kifua kimekushika, huli. Nikapika kastadi ya maziwa. Haikuwa na kahawa, haikuwa na kakao, haikuwa na kitu: maziwa, yai, sukari ya kugusa tu. Chakula cha mgonjwa. Nikaifunga kwa kitambaa cheupe, mafundo mawili, nikaipeleka mpaka kwenye ua nikampa Kerubo. Baada ya nusu saa mtoto akairudisha, analia. Mafundo yangu yalikuwa vilevile. Hukufungua hata kutazama. Mtu anakataa chakula, sawa. Lakini kukataa kutazama?

Ukafa wiki hiyo. Ukafa ili uwe na neno la mwisho, nakujua.

Sasa nikuambie kitu ambacho hukuwahi kukijua, na hii ni zawadi, ingawa hukuistahili. Unakumbuka kakao yako? Kila jioni baada ya maombi, kikombe kile cha bati chenye bluu mdomoni, kakao ya maziwa, wewe na kiti chako, miguu imevuliwa viatu. Ndiyo starehe pekee uliyokuwa nayo duniani. Basi Mama Nalini alikuwa na mpwa mwenye duka la dawa, na siku moja mezani, mimi nikitoa sahani, akasema kakao na kahawa ni binamu. Kile kinachoamsha moyo kwenye kahawa kimo kwenye kakao pia, ni uchache tu. Nilisikia kwa masikio haya.

Miaka mitano, Zablon! Miaka mitano ulinipita sokoni kama mti, na mimi nilikuwa na neno hilo mfukoni. Neno moja tu juu ya ua: "Mzee, hicho kikombe chako ni cha ukoo uleule." Ungekimwaga jioni ileile, ungekaa kwenye kiti chako na maji moto, na mimi ningekuwa nimeshinda. Nililishika ulimini mara ngapi! Nikikuona kupitia miiba umekumbatia kikombe, nikalimeza. Mimi, nisiyeweza kunyamaza hata kwenye maziko. Kwa hiyo usiniambie mimi ni mdomo mtupu.

Haya. Umekufa miezi minne. Migomba ya shamba la chini imeanguka na upepo, nimeiegemeza. Miti yako ya kahawa nimeipogoa mimi, na nimeipogoa vibaya, ukiiona utalia. Mkeo Yunes anaendelea. Amekonda lakini amekuwa na sauti, kumbe alikuwa nayo. Wiki iliyopita nilisikia panga linakata kitu kwenye ua. Nikatoka mbio nikidhani ni ng'ombe wa watu. Ni yeye. Anakata miiba yako. Akafungua pengo, akapita, panga mkono huu na sufuria mkono ule, akasimama mbele yangu anahema.

Akasema, "Shemeji, Kerubo anataka keki ya siku ile."

Nikamwambia, "Mama Kerubo, maneno ya mzee unayajua."

Akasema, "Nayajua. Alisema mpaka aingie kaburini. Si ameingia?"

Akaendelea, "Aliyeapa yuko chini. Mimi niko juu na nina njaa. Wali wa matanga yale bado unanikwama hapa." Akajigusa koo. Nikacheka mpaka nikashika ukuta, na yeye akacheka, halafu tukawa hatucheki tena, unajua vile inakuwa.

Unaelewa maana yake? Nilishinda! Wageni wale wale, mchungaji yule yule atawafungisha ndoa, keki ile ile, ndani ya boma lako. Nikachuma kofia moja tena kwenye mti ule ule. Nikakaanga leo asubuhi, makusudi, upepo ukielekea kwako, moshi wa kahawa ukaenda ukakaa juu ya kaburi. Nikasema, haya mzee, vuta. Nikatwanga, nikachemsha nzito, nyeusi, ikawa inang'aa. Bakuli liko tayari: unga, sukari, kakao, mayai. Nikainua birika.

Sikuweza kumwaga.

Usidhani niliogopa kiapo. Kiapo Yunes amekimaliza kwa panga. Ni kitu kingine. Nilikuwa nimeshika birika, nikajiona Jumapili. Mchungaji atauliza tena, watu ni walewale. Na mimi nitasimama, najijua, nitanyoosha mkono dirishani. Na watu watacheka safari hii, kwa sababu wewe hutakuwa pale kukasirika. Watamcheka Mzee Zablon wa Nyakoe aliyeliwa na kahawa yake mara mbili, mara moja hai na mara moja maiti. Mzaha unahitaji mtu wa kukasirika upande wa pili. Bila huyo, ni kumkanyaga aliyelala.

Na nikakumbuka ukoko. Mama alipofariki nilikuwa na miaka sita, na aliyeshika mwiko nyumba ile alikuwa wewe. Mvulana wa miaka kumi na mitatu, unasonga obokima machozi ya moshi yanakutoka, unajifanya ni moshi tu. Mimi nimesimama kando na kijiko changu cha mti, nangoja ukwangue chini. Ukoko wote ulikuwa wangu. Hukuwahi kuula wewe, hata siku tulipokuwa na ukoko tu. Watu wote wa dunia hii wanajua Onchari alifundishwa kupika na Mhindi. Uongo. Mama Nalini alinifundisha chokoleti. Kupika nilifundishwa kabla yake, na mtu ambaye hakunisamehe.

Basi nikasimama mlangoni na birika la kahawa, nikakutazama kule kwenye migomba, nikainywa mwenyewe. Yote. Ilikuwa nzuri kupita maelezo. Ulikuwa mkulima mkubwa, na nilikuambia hivyo kwa sauti, mbuzi ndiye shahidi.

Keki nimezimwagia maziwa moto. Mbili zimeshatoka, hii ni ya tatu. Nimeonja. Zablon, ni keki ya kawaida. Ni tamu, laini, watu watakula watashukuru, lakini mimi najua kuwa kakao imelala mle ndani na hakuna wa kuiamsha. Ndiyo keki mbaya kuliko zote nilizowahi kupeleka kwenye meza ya watu, na jina langu liko juu yake. Nimeharibu sifa yangu kwa ajili yako, mkaidi wewe, na hutasema hata asante.

Jua limefika juu ya kilima. Naenda kutoa makaa kabla halijashuka, kwa sababu ni Ijumaa, ingawa mimi si wenu. Malai ya kupaka juu nitaipiga Jumapili alfajiri.

Ninakuahidi hivi, na uandike huko uliko, maana hutaniona nikiahidi tena. Jumapili mchungaji atakula. Ataniuliza umetia nini humu, ndugu. Nitasimama, maana kukaa siwezi. Nitasema, "Maziwa, mchungaji." Kisha nitakaa chini na kufunga mdomo. Habari ya kakao nayo haitatoka, si kwa mchungaji wala kwa Yunes, kikombe chako cha bluu kitabaki safi mpaka nami nije huko. Hasira yangu kuhusu ile kastadi nakuja nayo pia, usidhani nimeiacha. Tutaongea.

Chini ya keki hii kumeungua kidogo, nasikia harufu. Nitakwangua. Hicho ni changu, kama zamani.

Lala, mzee.

Mdogo wako,
Kijiko